MAARIFA YA KAZI: Fyuzi ya Mashua Hupimwa kwa Waya



Mwezi huu twataka kusema habari ya kitu kidogo sana, ambacho mtoto aweza kukificha katika kiganja chake. Bei yake ni ndogo. Lakini kikichaguliwa vibaya, mashua nzima yaweza kuteketea, na watu waliomo wasiwe na pa kukimbilia ila majini. Kitu hicho ni fyuzi.

Huenda msomaji wa Songea mjini akauliza, "Sisi twakaa milimani, mashua zatuhusu nini?" Twamjibu ya kwamba ziwa la Nyasa si mbali nasi. Ukishuka kwa njia ya Mbinga wafika Mbamba Bay. Nazo Liuli na Lituhi zimo katika mkoa wetu huu wa Ruvuma. Usipa tunaokula huvuliwa huko, na wavuvi ni ndugu zetu. Tena vijana wengi wafungao nyaya katika mashua wamejifunza kazi hiyo kwa kutazama tu, pasipo kuambiwa sababu. Basi yatupasa tuwape sababu, maana kanuni isiyo na sababu husahauliwa upesi.

Zamani usipa walivuliwa kwa mwanga wa karabai, usiku wa giza. Siku hizi wavuvi wengi huchukua betri, na betri hiyo moja huwasha taa za LED, huchaji simu, na katika mashua kubwa huendesha pampu ya kutoa maji ngamani. Hili ni jambo jema, kwa kuwa mafuta ya taa yamepungua na moto wazi umeondoka chomboni. Walakini pamoja na betri umeingia moto wa namna nyingine, usioonekana mpaka umekwisha kuwaka.

Watu wengi hudhani kwamba betri ya volti 12 haina hatari. Husema, "Nimeishika kwa mikono miwili wala haikunirusha." Ni kweli, volti 12 hazimrushi mtu mwenye mikono mikavu. Lakini kurusha na kuchoma ni mambo mawili mbalimbali. Betri ya gari ikiunganishwa chanya na hasi kwa kipande cha waya mfupi, yaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja, na waya ule huwa mwekundu kama chuma cha mhunzi.

Na tueleze maneno machache kabla ya kuendelea, hasa kwa ajili ya walimu. Volti ni nguvu inayousukuma umeme. Ampea ni kipimo cha mkondo wenyewe, yaani wingi wa umeme unaopita. Wati ni kipimo cha kazi inayofanyika. Ukigawanya wati kwa volti wapata ampea. Taa ya wati 12 katika betri ya volti 12 hula ampea 1. Taa nne za namna hiyo hula ampea 4. Tena kila waya una ukinzani, yaani hupinga mkondo kidogo. Waya mwembamba hupinga kuliko mnene, na mrefu kuliko mfupi.

Mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule alionyesha jinsi umeme unavyotia joto waya. Aliona kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili, joto halizidi mara mbili, bali mara nne. Mkondo ukiwa mara tatu, joto huwa mara tisa. Jambo hili ndilo shina la habari yetu yote.

Tuchukue mfano. Mashua ina taa nne zinazokula ampea 4. Kutoka betri mpaka taa ni meta 6. Kwa kuwa umeme hwenda na kurudi, waya wote ni meta 12. Waya huo ni wa shaba, unene wake milimeta za mraba 1.5. Taa zikiwaka, waya wote wapata joto la wati 2 na kidogo tu, wala mkono hausikii. Sasa gamba la waya limechubuka karibu na taa, chanya imegusa hasi, yaani umepiga shoti. Ukinzani wa betri ukiachwa kando, mkondo utapanda hata kufika ampea 85 hivi. Mkondo umezidi mara 21, lakini joto limezidi zaidi ya mara 400. Waya wapokea wati 1000, sawasawa na pasi ya umeme. Pasi hiyo imelazwa juu ya mbao kavu, kando ya nyavu, na pengine juu ya dumu la petroli. Gamba la plastiki litayeyuka, kisha litawaka. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kujikusanya ngamani, ukingojea cheche.

Hapo ndipo fyuzi inapofanya kazi yake. Mwaka 1847 fundi wa Ufaransa aitwaye Louis Breguet alishauri kwamba nyaya za simu za maandishi ziwekewe kipande chembamba, ili radi ikipiga, kipande hicho kiyeyuke na vyombo vya ofisini visiharibike. Fyuzi ya leo hufuata shauri lilo hilo. Ndani yake mna kipande cha madini kilichopimwa. Mkondo ukizidi, hicho huyeyuka kwanza, na njia ya umeme hukatika. Fyuzi hufa ili waya uokoke.

Na hapa wengi hukosea. Wao hudhani kwamba fyuzi imewekwa kuilinda taa au redio, kwa hiyo huipima kwa kutazama chombo peke yake. Sivyo. Kazi ya kwanza ya fyuzi ni kuulinda waya. Waya ndio upitao chini ya mbao mahali pasipoonekana, na waya ndio uwezao kuiwasha mashua. Basi mtu akiuliza, "Mashua yangu yataka fyuzi ya ampea ngapi?" yafaa aulizwe naye, "Waya wako una unene gani?" Asipojua jibu, hawezi bado kuchagua fyuzi.

Utaratibu ni huu, nao una hatua tatu.

Hatua ya kwanza: hesabu mzigo. Soma wati zilizoandikwa juu ya kila chombo, gawanya kwa 12, upate ampea.

Hatua ya pili: chagua waya kwa mzigo na kwa urefu. Waya mrefu hupunguza volti kabla hazijafika mwisho. Kanuni za Baraza la Mashua la Marekani, liitwalo kwa kifupi ABYC, hutaka upungufu usizidi 3 kwa 100 kwa vitu vya lazima, kama taa za kuonyesha njia na pampu ya ngama. Na usizidi 10 kwa 100 kwa vitu vingine. Katika mfano wetu, ampea 4 katika waya wa 1.5 wa meta 12 hupoteza nusu volti na kidogo, karibu 5 kwa 100. Kwa taa za kuvulia yatosha. Kama zingekuwa taa za kuonyesha njia, ingempasa fundi achukue waya wa 2.5.

Hatua ya tatu: chagua fyuzi kwa waya. Isiwe ndogo kuliko mzigo ukiongezwa robo yake, ili isikatike bure. Wala isizidi uwezo wa waya. Kwa nyaya za shaba zinazouzwa madukani, ambazo ubora wake hatuna njia ya kuupima, vipimo hivi ni vya hadhari: waya wa milimeta za mraba 1.5, fyuzi isizidi ampea 10. Waya wa 2.5, isizidi 15; waya wa 4, isizidi 20; waya wa 6, isizidi 25. Waya ukipita karibu na mashine ya moto, punguza tena, maana waya uliokwisha kupata joto hauwezi kuchukua mzigo ule ule.

Turudi kwa taa zetu nne. Mzigo ni ampea 4. Robo yake ni 1. Jumla ni 5. Waya wa 1.5 hauruhusu kupita 10. Basi fyuzi ya 7.5 ndiyo ifaayo: haitakatika taa zikiwaka usiku kucha, na shoti ikitokea itakatika kabla waya haujapata moto.

Je, pampu? Pampu ina mtego wake. Takataka zikiingia, magamba ya samaki au kipande cha wavu, mota husimama huku inakula umeme mwingi kuliko desturi, lakini si mwingi kama wa shoti. Fyuzi iliyopimwa kwa waya peke yake yaweza kuutazama mkondo huo pasipo kukatika, na pampu ikaungua. Kwa hiyo waundaji wa pampu huandika kipimo cha fyuzi juu ya pampu yenyewe au katika karatasi yake. Kipimo hicho sharti kifuatwe, maadamu hakizidi uwezo wa waya.

Kisha kuna fyuzi kuu, ya waya unaotoka katika betri mpaka kwenye kisanduku cha fyuzi. Tuseme taa za kuvulia ni ampea 4, taa za njia 1, pampu 3, simu 2. Jumla 10, na robo yake, 12.5. Fyuzi ipatikanayo inayofuata ni 15. Basi waya mkuu na uwe wa 4, na fyuzi kuu ya 15. Kisha kila tawi liwe na fyuzi yake, kwa sababu tawi ni jembamba kuliko shina. Fyuzi ya 15 haiwezi kuulinda waya wa 1.5 kama ipasavyo. Popote waya mnene unapounganishwa na mwembamba, fyuzi ya sehemu ile hupimwa kwa ule mwembamba. Nyaya nene za kuwashia mashine ni jambo lingine. Hizo zifuate maagizo ya mwenye kuunda mashine.

Mahali pa fyuzi ni muhimu sawa na kipimo chake. Twaona mashua ambazo fyuzi imewekwa karibu na taa, kwa kuwa hapo ni rahisi kuifikia. Lakini waya wote kutoka betri hadi hapo hauna mlinzi. Shoti ikitokea katikati, fyuzi haitajua. Fyuzi iwe katika waya wa chanya, karibu kabisa na betri. ABYC hutaka isizidi inchi 7, yaani sentimeta 18 hivi, ila kama waya umevikwa ala ya kuukinga. Vile vile paneli ya jua: waya wake uwe na fyuzi upande wa betri, kwa maana shoti ikitokea, betri ndiyo itakayomwaga umeme kwa nguvu. Kishikio cha fyuzi kisikae penye mvuke wa petroli, wala kisifungiwe pamoja na betri katika sanduku lisilo na tundu, maana betri ikichajiwa hutoa gesi iwezayo kuwaka.

Fyuzi bapa zenye miguu miwili, zitumikazo katika magari, zafaa, nazo hutambulikana kwa rangi: ya 5 ni hudhurungi nyepesi, ya 7.5 kahawia, ya 10 nyekundu, ya 15 buluu, ya 20 manjano, ya 25 nyeupe iangazayo, ya 30 kijani. Zimeandikwa volti 32, basi zatosha kwa betri ya 12 na ya 24. Lakini swichi za kujikata za nyumbani zisitiwe mashuani. Umeme wa nyumbani hwenda na kurudi, hata mkondo wake huwa sifuri mara 100 katika kila sekunde, na cheche hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri hausimami kamwe, na cheche yake yaweza kuendelea ndani ya swichi.

Sasa fyuzi ikikatika, tufanyeje? Tutoe mfano wa mazungumzo, kama yawezavyo kuwa katika nyumba yo yote ya wavuvi.

Kijana amwambia baba yake mdogo: "Shikamoo, baba mdogo. Fyuzi ya taa imekatika tena."

"Marahaba, mwanangu. Ilikuwa ya ngapi?"

"Ya 7.5. Hii ni ya tatu wiki hii. Nataka kutia ya 30, hiyo haitakatika."

"Kweli, hiyo haitakatika. Basi niambie, ni nini kitakachokatika badala yake?"

Kijana anyamaza. Baba mdogo amwambia aondoe betri, kisha waufuate waya kwa vidole, shubiri kwa shubiri, mpaka waona mahali ambapo umesuguliwa na ubao hata shaba yaonekana. Fyuzi tatu zilikuwa zikisema neno lilo hilo, wala hapakuwa na msikilizaji.

Tuyapime maneno ya kijana kwa hesabu. Tuseme kasoro ya waya yavuta ampea 25. Fyuzi ya 30 itautazama mkondo huo hata asubuhi. Lakini waya wa 1.5, ambao kwa hadhari haupasi kupita ampea 12, utapata joto zaidi ya mara nne ya lile unaloweza kulistahimili. Fyuzi nzima, waya mwekundu: hii si salama hata kidogo. Na wale wanaofunga kipande cha waya, au msumari, au karatasi ya fedha ya sigara mahali pa fyuzi, wamemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi. Afadhali kurudi pwani gizani pasipo samaki kuliko kurudi kwa mwanga wa mashua inayowaka.

Walakini tusidanganyike kwamba fyuzi hulinda kila kitu. Kiungo cha waya kilicholegea, au kilichoota kutu ya kijani kwa unyevu, hupata joto hata mkondo ukiwa wa kawaida. Fyuzi huona wingi wa mkondo tu, haioni joto la kiungo. Kwa sababu hiyo viungo vikazwe vizuri, viwe vichache, visikae ngamani. Na waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, kwani waya wa uzi mmoja huvunjika kwa mtikisiko wa mashine. Waya ufungwe kila baada ya shubiri mbili, usicheze juu ya ubao. Tena fyuzi haikatiki papo hapo ikizidiwa kidogo tu; ikizidiwa mara mbili hukatika kwa sekunde chache, lakini ikizidiwa kwa sehemu ya kumi yaweza kudumu siku nyingi. Ndiyo maana hatuipimi fyuzi katika ukingo wa uwezo wa waya, bali chini yake.

Walimu wanaweza kuyaonyesha haya darasani kwa gharama ndogo. Chukua betri kavu za tochi mbili, nyaya mbili fupi, na uzi mmoja mwembamba wa stilwaya ya kusugulia sufuria. Weka uzi juu ya kigae, uguse ncha zake mbili kwa nyaya. Uzi utang'aa mara moja na kukatika, nazo nyaya nene zitabaki baridi. Watoto wameona fyuzi kwa macho yao. Kisha waulizwe: kama uzi huu ungekuwa mnene kuliko nyaya, ni kitu gani kingeng'aa? Jaribio hili lifanywe na mwalimu mwenyewe, mbali na karatasi, wala lisifanywe kamwe kwa betri ya gari.

Na wazazi ambao mtoto wao au ndugu yao huvua ziwani, wamwulize mambo matatu atakaporudi: waya wa mashua una unene gani, fyuzi yake ni ya ngapi, nayo iko sentimeta ngapi kutoka betri. Akijibu yote matatu, na ashukuriwe. Asipojibu, waende pamoja wakatazame mchana, mashua ikiwa mchangani na betri imeondolewa. Kazi hiyo haimalizi saa moja. Tena katika kila safari na awe na fyuzi za akiba za kipimo kile kile, zimefungwa katika mfuko usioingia maji, ili usiku fyuzi ikikatika asishawishwe na msumari.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari ya betri yenyewe: jinsi ya kuichaji, na kwa nini huharibika mapema.